Jivu la Magunzi

Lenah alisahau jina la kikombe chake Jumanne asubuhi, wakati wa chai. Kilikuwa kikombe cha plastiki cha rangi ya manjano, chake peke yake, na kabla ya wiki hiyo asingekubali mtu mwingine akishike. Alikinyooshea kidole, akafungua mdomo, akaufunga tena, kisha akasema, "Hii. Hii ya kunywa."

Nabwile, mama yake, alicheka kidogo. Mtoto wa miaka minne ana michezo yake. Lakini alipomtazama vizuri aliona kwamba mtoto hachezi. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu mzima anayetafuta kitu alichokiweka jana tu. Tena alikuwa ameshika tumbo. Ilikuwa siku ya nne hajaenda choo, na dawa ya minyoo aliyonunuliwa dukani haikufanya lolote.

"Baba Lenah," Nabwile aliita kupitia dirisha la nyuma. "Kuja uone mtoto."

Wekoye alikuwa huko nyuma, mwisho wa ploti, hatua thelathini kutoka mlangoni. Huko ndiko alikoyeyusha risasi, yale madini laini mazito anayoyatoa ndani ya betri za magari zilizokufa. Aliimimina kwenye kalibu akapata vipande vidogo vya kuzamisha nyavu, vya ukubwa wa kidole gumba, na kila baada ya wiki mbili mfanyabiashara mmoja wa Lwakhakha alikuja kuvichukua, kuvivusha ng'ambo, Uganda, kwa wavuvi. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha hapa Kitale kwa miaka miwili.

Wekoye hakuja mara moja. Hakukawia kwa ukaidi. Kwanza alivua ovaroli akaitundika kwenye msumari wa mti, akavua viatu akaviacha hukohuko, akaenda kwenye mtungi wa maji akanawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, akasuuza uso, akasukutua. Ndipo akaingia. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na aliyeitunga alikuwa Nabwile.

Sheria ilitokana na mzee Wachira, fundi wa betri aliyemfundisha Wekoye kazi. Mzee huyo aliyeyusha risasi ndani ya karakana iliyofungwa madirisha, akala chapati kwa mkono uleule, na kila jioni akanywa maziwa nusu lita, ati yanaosha kifua. Hayakumwosha. Mwishoni viganja vyake vilining'inia kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua, akawa anafungwa vifungo vya shati na mkewe. Nabwile alimwona kwa macho yake. Siku Wekoye aliposema anataka kufanya kazi hiyo nyumbani, alimwambia sawa, lakini itakuwa kwa masharti yangu. Moto uwe mbali na mlango, upepo upeleke moshi kando. Pazungushwe kamba, na mtoto asiivuke. Nguo za kazi zifuliwe kwenye beseni lake. Kuna siku alimrudisha Wekoye mtungini mara tatu mbele ya wapangaji wote, na mwenye ploti, mama Wahu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyu bibi yako ni askari, bana," alimwambia. "Hata jela wanaingia bila kuoga hivyo."

Sasa Wekoye alichuchumaa mbele ya mwanawe, akamwuliza hii inaitwa nini. Lenah alimtazama, akakitazama kikombe, akaanza kulia.

*

Kwenye kituo cha afya walimkuta daktari mwanamke, kijana, jina lake Jepchirchir. Alimpapasa mtoto tumbo, akamvuta kope za chini akaona weupe, akauliza maswali yake bila haraka. Mtoto anakula udongo? Hapana. Nyumba imepakwa rangi lini? Haijapakwa. Kisha akamgeukia Wekoye, akamwuliza anafanya kazi gani.

"Nauza viatu. Za mitumba," alisema Wekoye.

Alisema hivyo kwa sababu foleni ilikuwa nyuma yao mlangoni, na katika foleni hiyo alikuwemo mpangaji mwenzao. Mama Wahu alijua anayeyusha vyuma. Hakujua ni vyuma gani. Angejua ni sumu, wangelala nje. Jepchirchir aliitazama mikono yake. Ilikuwa na madoadoa ya kuungua, meusi na ya zamani, mpaka juu ya vifundo. Alisubiri tu, kalamu mkononi.

"Anayeyusha risasi ya betri," alisema Nabwile. "Nyumbani. Lakini tunajikinga, daktari. Tunajikinga sana."

Wekoye aliinamisha kichwa. Watu wa mlangoni waligeuka wakatazamana.

Damu yao watatu ilichukuliwa ikapelekwa Nairobi. Majibu yalirudi baada ya siku tisa, na siku hizo tisa Lenah alikuwa amesahau pia jina la mlango, na la paka wa jirani. Jepchirchir aliwaita ofisini akafunga mlango. Alisema kipimo cha risasi kwenye damu ya mtoto ni tisini na moja, wakati hata tano ni nyingi. Wekoye ana thelathini na nane. Nabwile ana thelathini na sita.

"Mama, wewe pia unaingia pale anapoyeyusha?"

"Hapana. Sijawahi kuvuka ile kamba."

"Basi hii yako inatoka wapi? Inakaribia ya mzee wako."

Nabwile alifikiri. Alijibu kwamba yeye ndiye anayefua ovaroli. Jepchirchir aliitikia kwa kichwa polepole, akaandika. Lilikuwa jibu la maana. Wote wawili waliridhika nalo, na kama kuna kitu ambacho Nabwile angekirudia maishani mwake ili akifanye upya, ni dakika ile ya kuridhika.

*

Mtoto alipelekwa hospitali ya Eldoret kwa dawa ya kuvuta risasi kwenye damu. Wakati Nabwile yuko huko naye, ofisa wa afya ya jamii alipiga simu kwamba anataka kuikagua nyumba mama akiwepo, kwa hiyo Nabwile akarudi Kitale siku moja, akimwacha Lenah na shangazi.

Ofisa aliitwa Kibe. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa hukuhuku Trans-Nzoia, mpole, mwenye kofia ya sufu. Alipima hatua kutoka jikoni mpaka mahali pa moto. Alifuta vumbi kwenye kizingiti kwa kitambaa cheupe, akakitia kwenye mfuko. Aliuona msumari wa ovaroli, mtungi, sabuni, beseni la nguo, kamba. Alichukua maji ya kisima kwenye chupa. Aliinua godoro la mtoto. Mama Wahu na wapangaji walisimama kwenye milango yao, wamefunga mikono, wakitazama vitu vya ndani vikitolewa nje kimoja kimoja: nguo za ndani, sufuria, viatu vya mtoto. Mwanamke mmoja aliwaambia watoto wake warudi ndani wasije wakavuta hiyo hewa.

"Nimeona nyumba nyingi," Kibe alimwambia Wekoye, "na nyinyi mmejaribu kuliko wote. Lakini risasi haijaribiwi, ndugu yangu. Kama kuna mtoto, hakuna kuyeyusha. Hapo hakuna katikati."

Ilikuwa saa saba. Nabwile hakuweza kumwacha mgeni aondoke na njaa, hata mgeni wa aina hiyo. Alipika ugali na sucha, ile mboga chungu ya mnavu, akaitia maji ya jivu kama mama yake alivyomfundisha. Musherekha, ndivyo Wabukusu wanavyoyaita maji hayo. Jivu linatiwa kwenye kopo lenye matundu chini, linamiminiwa maji, na yanayodondoka ni ya rangi ya chai, yenye chumvichumvi. Matone machache yanailainisha mboga na kuiondolea uchungu. Wapangaji wengine walitumia magadi ya dukani. Nabwile aliyadharau magadi.

Kibe alikula akamaliza, akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Mboga ya Waluhya," alisema. "Mke wangu Wangechi anachemsha tu na chumvi. Hii inateleza yenyewe."

Nabwile alimwongezea.

*

Wekoye alivunja mahali pa moto kwa sululu siku hiyohiyo, na kwa sharti hilo mama Wahu akawaacha wabaki. Mivukuto, kalibu na chungu cha kuyeyushia alivibeba kwa mkokoteni akaviuza kwa kilo, kama chuma chakavu, kwa mtu ambaye juzi alikuwa akimuuzia betri. Ovaroli aliichoma. Mfanyabiashara wa Lwakhakha alipokuja kuchukua mzigo hakukuta mzigo, akamwuliza kama ameokoka. Wekoye akaenda kubeba magunia ya viazi sokoni pamoja na vijana wadogo kwake. Walimwita Mzee wa Risasi. Habari huwa hazichoki kutembea.

Lenah alirudi baada ya wiki tatu. Kipimo kilikuwa kimeshuka hadi thelathini na nne. Alijua tena mlango ni mlango. Hakukumbuka kikombe, alikiita "yangu", lakini alicheka, na choo kilitoka. Jepchirchir aliwaambia mambo makubwa ni mawili: kile kilichomtia sumu kisimguse tena, na damu iongezwe. Mayai, maharagwe, mboga za kijani. Mboga nyingi, mama.

Nabwile alikwenda nyumbani akalitimiza kila neno. Nyumba aliipiga deki mara mbili kwa siku. Na kati ya Wekoye na mtoto akaweka mpaka.

Alimwambia mumewe asimguse mtoto. Wekoye alisema ameacha kazi, amechoma nguo. Nabwile alisema iko kwenye ngozi, iko chini ya kucha, wewe ulimsikia yule ofisa. Wekoye akaenda mtungini akanawa, akarudi akanyoosha viganja vyake mbele yake kama mtoto wa shule anayekaguliwa. Nabwile alivitazama. Yale madoa meusi yalikuwa palepale.

"Rudia," alisema.

Alirudia. Akarudia tena. Lenah alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu, akingojea kubebwa.

"Hapana," alisema Nabwile. "Labda mwezi ujao."

Basi Wekoye alizoea kukaa kwenye kigoda kando ya mlango jioni, akizungumza na mwanawe kwa mbali, akimtajia vitu. Hii ni nini? Kijiko. Hii? Taa. Mtoto akipata, baba anapiga makofi. Na mama, pale jikoni, anakata sucha na kunde, anatia musherekha, anaponda ugali laini ndani yake, anamlisha mwenyewe kwa mkono mchana na jioni, sahani nzima, maana kila tonge lilikuwa damu. Mtoto alipogeuza uso alimbembeleza. Alipokataa kabisa alimfinya shavu kidogo, akasema, "Meza. Meza upone."

Wiki ya tano Lenah hakujua tena taa. Wiki ya sita alitapika. Nabwile alimgeukia mumewe kwa hasira ambayo hata mama Wahu, akiwa nje akianika nguo, aliona aibu kuisikiliza. Alimwambia bado anayeyusha mahali, anajificha. Alimwambia amewapendelea samaki wa Uganda kuliko mtoto wake. Wekoye alisema kwa sauti ndogo kwamba anabeba viazi, aende aulize sokoni. Nabwile hakwenda kuuliza.

Degedege lilimshika mtoto Alhamisi, wakiwa kwenye teksi kuelekea hospitali. Alikuwa mapajani mwa mama. Wekoye alikaa mbele kando ya dereva, ameukunja mkono wake nyuma ya kiti, haujui pa kushika. Hata hapo Nabwile hakumpa. Lenah alikufa kabla ya saa sita. Damu waliyomtoa asubuhi hiyo ilikuwa na mia na kumi na nane, na Jepchirchir alipopata karatasi hiyo siku chache baadaye aliisoma mara mbili, akaenda akasimama dirishani.

Jeneza lilikuwa dogo, la kukaa kiti kimoja. Kutoka Kitale mpaka Bokoli, nyumbani kwa kina Wekoye, lilikuwa mapajani mwake, na hakuna aliyemzuia.

*

Walimzika Jumamosi nyuma ya nyumba ya Nasike, mama yake Wekoye, ambaye wajukuu walimwita Kukhu na majirani wakamwita hivyohivyo. Hotuba zilikuwa fupi, kama inavyokuwa kwa mtoto. Lakini watu walisema maneno yao kandokando. Walisema Wekoye aliambiwa na madaktari aache, hakuacha. Walisema mwanamume anayepika sumu nyumbani kwake ni sawa na aliyechimba kaburi kwanza kisha akazaa. Wekoye alisikia mengine, mengine akayaona kwenye migongo iliyomgeukia wakati wa kunawa.

Jumapili waliobaki walikuwa wa nyumbani. Nabwile alikuwa hajala tangu Alhamisi ila chai. Mchana Kukhu aliingia na sahani, akaiweka kwenye mkeka mbele yake, na nyuma yake wakaja wajukuu wengine wawili, watoto wa shemeji, na bakuli zao, wakakaa karibu na mama mdogo wao kumliwaza kama walivyoambiwa.

"Kula, mwanangu," alisema Kukhu. "Nimekupikia sucha. Hata nimetia musherekha yako mwenyewe, ile ulinitumia Pasaka. Imebaki kidogo tu. Mama Tonny na wale wawili wa kanisa waliionja wakaninyang'anya, kila mtu na kachupa kake."

Nabwile alimega tonge. Kukhu, kwa kutaka tu maneno yaendelee, maana kimya cha mfiwa kinatisha, alimwuliza anatumia jivu gani. Musherekha yake yeye ni ya mabua ya maharagwe na haijawahi kuwa kali hivyo. Tena huko mjini watu wanapika na gesi, jivu zuri unalitoa wapi?

"La magunzi," alisema Nabwile. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mwanamke anayemweleza mama mkwe jambo la jikoni. "Magunzi ya mahindi na mabua kidogo. Linakuwa jeupe kabisa. Nilikuwa naona linatupwa bure, nikasema hapana, kila Jumamosi nalichota, nalichekecha vyuma vitoke, naweka kwa debe. Mpaka saa hii liko debe nzima. Ni lile la..."

Aliliweka tonge chini.

Ni lile la Baba Lenah. Ni lile la nyuma.

Magunzi yalikuwa rahisi kuliko makaa, na Wekoye aliyatumia siku zote. Takataka zinazoelea juu ya risasi ikiyeyuka alizikwangua kwa kijiko kirefu akazikung'uta palepale kwenye jivu. Nabwile alingoja mpaka moto upoe kabisa. Hakuvuka kamba, alimwambia Wekoye amletee kwa karai, na Wekoye alileta. Alilichekecha kwa chekecheke la chai, akatoa chembe zinazong'aa, na alichobaki nacho kilikuwa laini kama unga, cheupe, kimepita motoni. Na nani aliyewahi kusikia kwamba kuna uchafu unaobaki baada ya moto? Alijisifu hata. Mjini, bila shamba, na mboga zake zina ladha ya nyumbani. Wekoye alipovunja mahali pa moto, alipochoma ovaroli, debe lilikuwa chini ya meza ya jikoni, limefunikwa vizuri vumbi lisiingie.

Mtoto mmoja alikuwa anapeleka tonge mdomoni. Nabwile alimpiga mkono. Akazikamata bakuli zote mbili, na sahani yake, akatoka nazo nje akazimwaga shimo la takataka. Akarudi jikoni akaitafuta chupa nyuma ya sufuria, akaivunja juu ya jiwe. Watoto walilia. Wanawake walikuja mbio wakamshika mabega.

"Mwacheni," alisema Kukhu. "Ni uchungu. Mwacheni atupe."

*

Alimwambia Wekoye chini ya mikalitusi, mbali na nyumba. Hakulia. Alieleza kama alivyomweleza Kukhu: magunzi, karai, chekecheke, debe. Wekoye alisikiliza akikwangua gome la mti kwa kucha.

"Mimi ndiye nilikuwa nakuletea karai," alisema.

"Ulileta kwa sababu nilikutuma."

"Na hiyo mboga nilikula. Nikasema ni tamu."

Kutoka nyumbani walisikia mtu akitwanga.

"Kesho watatunyoa sisi wafiwa," alisema Wekoye. "Ami Mukhisa atauliza kilichoua mtoto. Wewe unyamaze. Wacha wanisemee mimi. Wameshazoea. Risasi ilikuwa yangu, si uongo. Mwanamume akilaumiwa, anabeba, anaenda. Lakini wewe wakijua ni mkono wako uliomlisha, hapa hutakanyaga tena. Hata mama yangu hatakula chakula chako."

Nabwile alimtazama. Tangu mtoto augue hakuwa amemtazama usoni kwa muda huo wote. Alikuwa amekonda. Nabwile alitamani kumwambia kwamba alimnyima kumbeba mtoto wiki sita, na sumu ilikuwa kwenye kijiko chake yeye mwenyewe. Lakini Wekoye alilijua hilo. Alikuwa amelijua tangu yeye alipotaja karai, na hakulitaja.

"Sawa," alisema Nabwile. "Asante."

Alikuwa amefika nusu ya njia kurudi nyumbani alipokumbuka Mama Tonny na wale wawili wa kanisa, kila mtu na kachupa kake.

*

Desturi ni kwamba siku ya tatu baada ya maziko wafiwa hunyolewa, na maneno ya marehemu yanasemwa hadharani yaishe. Jumatatu asubuhi viti vilipangwa uani. Wanaume walikaa upande wa barabara, wanawake upande wa jikoni. Mzee Mukhisa, ami yake Wekoye, aliyekuwa zamani karani wa kiwanda cha karatasi cha Webuye na hakuiacha tabia ya kuvaa tai, alisimama na bakora yake. Wekoye alikuwa ameshanyolewa, kichwa kinang'aa, ameketi peke yake kwenye benchi ambalo lingetosha watu wanne. Nabwile alikuwa chini kwenye mkeka, na shangazi mmoja mzee alikuwa anapitisha wembe kuanzia utosini.

Mzee Mukhisa hakuzunguka. Alisema mtoto hakurogwa. Alisema amesoma karatasi za hospitali na ni sumu ya risasi. Alisema wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika nyumba hii hawakusema mfano, kwa maana hata nguo yenyewe ilikuwa na sumu. Akamtaka Wekoye asimame watu wamwone. Wekoye akasimama. Akaulizwa kama ana la kusema. Akasema hana, ni kweli, kazi ni yake.

Miguno ikapita kwa wanaume. Mama Tonny alikuwa amekaa mbele kati ya wanawake, na Tonny, mtoto wa miaka mitatu, amelala mapajani mwake mdomo wazi.

"Chupa ni ngapi?" aliuliza Nabwile.

Hakuna aliyeelewa. Wembe ulikuwa kichwani mwake, kwa hiyo hakuweza kuinuka. Alisema akiwa ameinama, akiutazama mkeka. Aliuliza tena, sasa kwa jina. "Mama Tonny, ile musherekha ulipewa na Kukhu, umebakisha?"

"Iko," alisema Mama Tonny, akishangaa. "Nusu."

"Usimpe mtoto. Ni hiyo ndiyo ilimuua Lenah. Jivu nililitoa kwa moto wa risasi. Nilichota mimi, nikachuja mimi, nikapika mimi. Huyu," alisema, na hakumwelekezea kidole mtu yeyote kwa kuwa hakuweza kuinua kichwa, "aliacha kazi siku ile aliambiwa. Mimi niliendelea. Nilimlisha mpaka siku ya mwisho."

Wembe ulisimama. Shangazi alibaki ameushika hewani, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Mzee Mukhisa aliketi bila kuambiwa. Mama Tonny alimwamsha mtoto wake kwa kumtikisa, akamfungua mdomo, akachungulia ndani kana kwamba kitu hicho kingeonekana kwenye ulimi. Kisha aliinuka akaondoka na mtoto begani, hakuaga, na wale wanawake wawili wa kanisa wakamfuata nyuma, kila mmoja akielekea kwake. Walirudi na chupa. Waliziweka kwenye nyasi, mbali na mkeka, kama vitu vya mtu wasiyemjua, wakauliza ni hospitali gani inapima damu, wakaenda.

Kukhu alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni. Alizitazama chupa tatu, akamtazama mkwewe. Aliingia ndani akafunga mlango, na sauti ya komeo ilisikika mpaka upande wa wanaume.

"Malizia," Nabwile alimwambia shangazi.

Shangazi alimalizia, kwa mkono mwepesi wa mtu anayetaka kuondoka. Watu walianza kuinuka, wakakunja viti. Hakuna aliyekwenda kwenye benchi la Wekoye kumwomba radhi, ila mzee mmoja aliyempita alimgusa bega akaendelea na njia yake. Nywele zilibaki kwenye ungo kando ya mkeka. Ni jamaa wa karibu ndiye huzichukua akazifukie, na wanawake waliopaswa kufanya hivyo walikuwa wametazama pengine.

Wekoye alitoka kwenye benchi. Alikwenda kwenye mtungi uliokuwa karibu na tangi, akakunja mikono ya shati, akachukua sabuni. Alinawa mpaka kwenye kiwiko. Akasuuza, akapaka sabuni tena, akanawa mara ya pili, akisugua kwenye yale madoa meusi yasiyotoka. Nabwile alimwona kutoka mkekani. Alielewa kwamba anajiandaa kuja kwake, kuchukua nywele, labda na kumwinua.

Alitaka kumwambia inatosha. Alifungua mdomo, na neno hilo dogo, alilolijua maisha yake yote, halikuja, kama jina la kikombe lilivyokataa kumjia Lenah. Wekoye alikuwa ameanza kunawa mara ya tatu.